Sumukuvu kwenye nafaka za mtoto na za kifungua kinywa: zipi ununue kwanza

Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga, huwezi kuiona kwenye unga wala kuinusa, na moto wa jikoni hauimalizi. Aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu hizo, huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi ndipo ivunjike, na uji uchemke utakavyo hauvuki nyuzi 100 na ushei. Kwa hiyo ulinzi wa mtoto unaanzia dukani, pakiti ikiwa bado mkononi. Nafaka hizi nimezipanga kwa jinsi ningezichukua mwenyewe.

1. Nafaka iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga

Naiweka juu kwa sababu ya kipimo. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 3 za okratoksini A, sumukuvu nyingine, kwa kilo ya vyakula vya kawaida vya nafaka, lakini 0.5 tu kwa vya watoto wachanga. Aflatoksini B1 ni 2 kwa watu wote, 0.1 kwa mtoto: tofauti ya mara 20. Mtoto anakula kingi kuliko sisi ukilinganisha na uzito wake, na kila siku ni chakula kilekile. Ndiyo maana sishauri kumsagia mtoto wa miezi saba nafaka ya kifungua kinywa ya wakubwa, hata iwe nzuri namna gani. Haikupimwa kwa ajili yake.

Nunua za aina mbili tatu na uzizungushe: ngano, mtama, mchele. Kila nafaka ina kuvu wake, na kuzungusha kunazuia sumu moja isirundikane. Mchele usiwe wa kila siku, maana una tatizo lake jingine la aseniki, kemikali yenye sumu; Marekani iliiwekea nafaka ya mchele ya watoto wachanga kiwango cha mikrogramu 100 kwa kilo mwaka 2020.

2. Konfleksi na mchele uliopulizwa, visivyochanganywa na kitu

Hizi ni za mtoto mkubwa na watu wazima. Fumonisini, sumu inayoyaandama mahindi, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na konfleksi nyingi hutengenezwa baada ya hivyo viwili kuondolewa.

3. Oti

Chakula kizuri, sikikatazi. Ila oti hushika okratoksini A kwa urahisi, hasa zikihifadhiwa kabla hazijakauka vizuri, na sumu hiyo hushambulia figo. Pakiti ndogo, iliyofungwa kiwandani, tena isiwe asubuhi zote saba za wiki.

4. Zenye pumba nyingi na zabibu kavu

Sumu za ngano hukaa zaidi kwenye tabaka la nje la punje, na zabibu kavu nazo huja na okratoksini yake. Mtu mzima atafaidi ufumwele. Mtoto mdogo asubiri.

5. Unga mchanganyiko wa mahindi na karanga, uliosagwa bila kupimwa

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga kwenye chakula chao. Aflatoksini ikajulikana kutokana na vifo hivyo. Leo imewekwa kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ini ndilo linaloumia zaidi.

Mwaga karanga mbichi kwenye sinia jeupe, karibu na dirisha. Utaona nyingi zimejaa na ngozi imenyooka. Halafu kuna chache zilizosinyaa, moja ina doa la kijani kibichi kwenye mpasuko, nyingine ukiipasua ni ya kahawia ndani. Hizo chache ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Ukizitoa, umepunguza hatari sana. Zikishasagwa, zimesambaa kwenye kila kijiko na hakuna jicho litakalozirudisha. Kama lazima mtoto ale karanga na mahindi, nunua punje nzima, chambua mwenyewe, kisha usage.

Pakiti yenyewe

Ibonyeze. Unga uliogandamana mabonge umepata unyevu. Kona iliyotoboka au kulowa, rudisha hata kama tarehe bado. Neno "asilia" linahusu jinsi mmea ulivyolimwa. Halimaanishi kwamba kuna aliyepima sumukuvu. Mwandikie mtengenezaji umuulize kama kila toleo linapimwa aflatoksini na okratoksini, na kikomo chake ni kipi. Anayejibu kwa namba ananunulika kuliko anayejibu kwa sifa.

Nyumbani, chota kwa kijiko kikavu, funga kabisa, wala usimimine pakiti mpya juu ya mabaki ya zamani. Ukikuta ukungu juu, usikwangue ukabakiza chini. Tupa yote.