DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera za usalama) imekufa, kamera bado ni nzima: ununue XVR au NVR?

Kwanza pima adapta ya volti 12. Huenda ndiyo iliyoungua, na mashine haina tatizo.

Ikiwa mashine imekufa kweli, na kamera zako zinatumia waya wa koaksia (kama ule wa antena ya TV), mimi ningechukua XVR, yaani mashine ya kurekodi inayokubali kamera za aina nyingi, bila kusita. Hupokea mifumo ya picha ya TVI, CVI, AHD na hata analojia ya zamani, kwa hiyo kamera ya Hikvision na ya Dahua zinaweza kukaa pamoja. Unachomoa nyaya kwenye mashine ya zamani, unachomeka kwenye mpya, ukuta hauguswi. Angalia tu ukomo wake: mashine ya megapikseli 2 haifai kwa kamera ya megapikseli 5. Diski ya zamani nayo unaweza kuihamisha, ila mashine mpya kwa kawaida hutaka kuifomati. Kama kuna tukio la wizi humo, tafadhali, mpe fundi aokoe picha kwanza!

NVR, mashine ya kurekodi kamera za mtandao, inamfaa anayeanza upya: waya mmoja wa mtandao hubeba picha na umeme hadi mita 100. Kamera za koaksia haziingii humo bila kifaa cha kugeuza mawimbi. Lakini kama zako tayari ni za IP (za mtandao), chagua NVR yenye ONVIF, kiwango kinachowezesha vifaa vya chapa tofauti kuelewana, na utafute mapema nywila za kamera.