Sikukuu za Kiyahudi Mtandaoni: Huduma Zipi Zinafaa, na kwa Kazi Gani

Mtu asiye na sinagogi karibu, au aliyezuiwa nyumbani na ugonjwa, siku hizi hakosi mahali pa kusali sikukuu kuu mbili: Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi, na Yom Kippur, siku ya toba na mfungo. Huduma za mtandaoni zimejaa tele. Tatizo ni kwamba nyingi hufanya kazi moja vizuri, kisha hujinadi kuwa zinafanya zote. Kipimo kilichotumika hapa ni kimoja: usipotokea, kuna mtu atakayeuliza ulikuwa wapi?

Kwa matangazo ya mubashara, Central Synagogue la New York ndilo hutajwa kwanza, na linastahili. Ni sinagogi la mkondo wa Reform, ulio huru zaidi katika desturi, jengo lake lilizinduliwa mwaka 1872, na tangu 2014 rabi wake mkuu ni Angela Buchdahl. Kwa kuwa yeye pia ni kantori, yaani mwongozaji wa nyimbo za sala, nyimbo na mahubiri hutiririka kama kitu kimoja badala ya kupokezana zamu. Ibada za Sabato na za sikukuu kuu hurushwa bure kwenye tovuti yao na YouTube. Picha ni safi, sauti ni safi, na ibada ya Kol Nidre, ile inayofungua Yom Kippur jioni, ikisimamiwa hivi hata anayetazama kwenye simu hukaa wima.

Ila hakuna anayekuona. Tangazo huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo "Amina" yako hutoka wakati kantori ameshafika mstari unaofuata. Mgeni pia hujikwaa kwenye kitabu cha sala. Masinagogi mengi ya Reform ya Marekani hutumia Mishkan HaNefesh cha 2015, chenye juzuu mbili, moja ya Rosh Hashanah na nyingine ya Yom Kippur. Ya mkondo wa Conservative, ulio katikati ya Reform na Orthodox wanaoshika sheria kwa ukali, mengi hutumia Mahzor Lev Shalem cha 2010. Namba za kurasa hazilingani hata kidogo, na baadhi ya sala zilizomo kwenye kimoja hazimo kwenye kingine. Uliza kwanza, nunua baadaye. Hata saa za Yizkor, sala ya kuwakumbuka marehemu, hutofautiana: kwenye Yom Kippur, Orthodox na Conservative huisoma asubuhi baada ya Torati, ilhali Reform wengi huisoma alasiri kuelekea Neila, sala ya kufunga siku hiyo. Anayeingia kwa ajili ya Yizkor peke yake, akafuata mazoea ya sinagogi alikokulia, anaweza kuikosa kabisa.

Upande wa pili ni vikao vidogo vya Zoom, hasa minyani, yaani ibada za kila siku za watu wasiopungua kumi. Ubora wake ni wa kubahatisha. Mtu amesahau kuzima maikrofoni na mbwa wake anabweka katikati ya Amida, sala kuu ya kusimama. Mwingine kamera yake inaonyesha dari. Lakini kabla ya Kadishi, sala ya wafiwa, kiongozi huuliza nani ana kumbukumbu ya mwaka wa marehemu, nawe unataja jina la mama yako, na watu wanalisikia. Hilo tangazo la mubashara haliwezi kukupa, hata likiwa na kwaya ya namna gani.

Kuimba pamoja kwenye Zoom hakuwezekani, na si kosa la mtu. Sauti hufika kwa kila mmoja kwa kuchelewa tofauti, hivyo maikrofoni mbili zikiwa wazi wimbo unavurugika. Kikao kinachoendeshwa vizuri huacha maikrofoni ya kiongozi tu, na wengine huimba kwa nguvu kwao zikiwa zimezimwa. Kiongozi akisisitiza "wote tuimbe" na kuzifungua zote, hiyo ni dalili kwamba hajaifanya kazi hii mara nyingi.

Shofari, pembe ya kondoo inayopulizwa Rosh Hashanah, ina balaa lake. Zoom ina kichujio cha kelele, na mlio mrefu usiobadilika, kwa kichujio hicho, ni sawa na feni. Ndiyo maana tekia gedola, mlio mrefu wa mwisho, huanza vizuri kisha hufifia wakati mpulizaji bado ana pumzi. Dawa iko kwa mpulizaji, msikilizaji hana la kufanya: kwenye mipangilio ya sauti awashe "Original Sound for Musicians", kisha ndani ya kikao abonyeze tena kitufe chake, maana kuiruhusu kwenye mipangilio pekee hakutoshi. Asimame hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni na kuielekeza pembe kando, la sivyo sauti itapasuka. Anayesikiliza kwa hedifoni apunguze sauti mapema, aokoe masikio.

Hapo bado hatujagusa sheria ya dini. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwenye Rosh Hashanah 3:7, inazungumzia anayepuliza shofari ndani ya shimo: aliyesikia sauti ya shofari ametimiza wajibu, aliyesikia mwangwi hakutimiza. Wanasheria wa Orthodox hupima maikrofoni na spika kwa kanuni hiyo, na rabi Shlomo Zalman Auerbach wa Yerusalemu alishikilia kwamba kinachotoka kwenye spika si sauti yenyewe ya mpulizaji wala ya msomaji. Kwa anayefuata msimamo huo, shofari ya mtandaoni ni ya kumchangamsha moyo tu. Atafute mtu wa kumpulizia ana kwa ana. Na kwa mwaka 2026 kuna jambo la kuweka akilini: siku ya kwanza ya Rosh Hashanah ni Jumamosi, 12 Septemba. Orthodox na wengi wa Conservative hawapulizi siku ya Sabato, hivyo shofari ni Jumapili tarehe 13. Reform wanaosherehekea siku moja huamua wenyewe. Soma ratiba kabla ya kudhani kuwa sauti ya kompyuta yako imekufa.

Kuhusu minyani, yaani watu wazima kumi wanaohitajika kwa Kadishi, majibu hutegemea mkondo. Kamati ya sheria ya Conservative iliamua mwaka 2001 kwamba kumi haohao lazima wawe chumba kimoja, ingawa mtu aliye mbali akisikia anaweza kuitikia. Machi 2020, kwa sababu ya janga la korona, iliwaruhusu viongozi wa jumuiya kuhesabu watu walio kwenye skrini kama hatua ya dharura. Jumuiya nyingi ziliendelea na desturi tofautitofauti baada ya hapo. Kwa hiyo usiulize tu "mna minyani ya Zoom?" Uliza kama aliye kwenye skrini anahesabiwa, na kama anaruhusiwa kusema Kadishi au kuitikia tu.

Wayahudi wa Orthodox hawawashi wala kugusa vifaa vya umeme siku ya Sabato na sikukuu kubwa, basi hawana matangazo siku hizo. Mwaka 2020 kundi la marabi nchini Israeli waliruhusu Seder, mlo wa ibada wa Pasaka, kwa Zoom kwa ajili ya wazee waliobaki peke yao, na marabi wakuu wa nchi wakaipinga. Kwa anayeshika sheria kwa namna hiyo, Chabad.org, tovuti ya vuguvugu la Chabad la Orthodox, inafaa kwa maandalizi: maelezo ya kila sikukuu hatua kwa hatua, maandishi ya baraka, na sauti za kujifunzia nyimbo kabla jua halijazama. Hanuka na Purimu hazina katazo la umeme zisipoangukia Sabato, hivyo ndipo mtandao unapotumika bila kona nyingi.

Wanaotazama ibada siku ya Sabato lakini hawataki kugusa mashine, wafungue kiungo kabla ya kuwasha mishumaa, wazime hali ya kulala ya skrini, arifa, na uchezaji wa video inayofuata. Tumia kompyuta, si simu. Simu ikipigwa hukata ibada. Bando nalo lipigiwe hesabu: video ya ubora wa 480p hula nusu GB hivi kwa saa, na siku ya Yom Kippur saa hizo ni nyingi.

Seder ya Pasaka ndiyo inayofaa zaidi kwa Zoom na ndiyo inayoharibika zaidi. Akaunti ya bure hukata kikao baada ya dakika 40, muda ambao wengi hawajamaliza hata Magid, sehemu ya kusimulia kutoka Misri. Mmoja alipie mwezi mmoja. Haggadot.com huruhusu kutunga Hagada yako, kitabu cha kuongozea Seder, bure na kuishusha kama PDF, itume siku mbili kabla, yenye namba za kurasa, na mgawie kila nyumba sehemu yake ya kusoma, kwani "nani anasoma sasa?" ikiulizwa mara kumi Seder imelala. Kila nyumba iandae sahani yake na matza tatu. Kwa vikombe vinne vya divai, kipimo cha chini kinachofuatwa na wengi ni mililita 86 kwa kikombe, yaani karibu 350 kwa mtu mmoja. Maji ya zabibu yanakubalika. Kamera ikae mwisho wa meza, usawa wa macho. Kinachovunja Seder nyingi ni chakula: watu huondoka kula, na kwenye Barekhi na Haleli, sala ya baada ya kula na zaburi za sifa, wanarudi nusu. Msikifunge kikao wakati wa kula. Zimeni maikrofoni, acheni kamera, na tajeni saa kamili ya kukutana tena kwa kikombe cha tatu.

Kwa kalenda, Hebcal haina mshindani. Ni ya bure. Unaingiza mji wako, inakupa saa ya mishumaa (dakika 18 kabla ya machweo, au 40 kwa Yerusalemu), mwisho wa Sabato, na sehemu ya Torati ya wiki, na yote hayo yanaingia kwenye kalenda ya simu. Hakikisha umechagua vizuri kati ya Israeli na ughaibuni, la sivyo siku ya pili ya sikukuu itatoweka. Hukokotoa pia siku ya kumbukumbu ya marehemu kwa tarehe ya Kiebrania. Kwa maandishi kuna Sefaria, maktaba ya bure ya Torati, Talmudi na vitabu vya sala. Programu yake ya simu hupakua vitabu vya kusomwa bila intaneti. Kuitumia kama kitabu cha sala wakati wa ibada kunachosha, maana unarukaruka, lakini kwa darasa hakuna kinachoipita.

Kosa kubwa kuliko yote ni la saa. Sabato huanza machweo ya mahali ulipo, na mfungo wa Yom Kippur wa takriban saa 25 huisha usiku unapoingia kwako, si New York. Mtu anayefuata Neila ya mbali anaweza kufungua mapema au kuteseka saa nyingi bure. Chagua sinagogi ambalo machweo yake hayapishani na yako kwa zaidi ya saa mbili au tatu. Mwezi Machi uwe macho zaidi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Israeli Ijumaa kabla ya Jumapili ya mwisho, Ulaya Jumapili hiyo ya mwisho. Ibada uliyoizoea inaweza kuanza saa moja kabla hujafungua kompyuta.

Anayetafuta jumuiya, na si ibada tu, asianze na sikukuu kuu. Siku hizo viongozi wana maelfu ya kuhudumia na hawatakumbuka jina lako. Jiunge na darasa la kila wiki au minyani ya asubuhi miezi miwili kabla, na baki baada ya ibada wakati watu wanapiga soga. Central Synagogue ina uanachama wa mtandaoni uitwao The Neighborhood, jibu zuri kwa upungufu wa matangazo yao. Popote utakapojiunga, uliza nani anawahudumia wanachama wa mbali, kama ukiugua au ukifiwa utapigiwa simu, na ada ni kiasi gani kwa mwaka. Mengi hupunguza ada kwa asiyeweza, ukiomba.

Viungo vya Zoom vya sikukuu kuu hutolewa kwa waliojisajili tu, kwa sababu ya wavamizi, na usajili huweza kufungwa siku kadhaa kabla. Kikifika, kijaribu mapema. Jioni ya Ijumaa 11 Septemba 2026 Rosh Hashanah inaanza, na kuanzia mchana huo si rahisi kumpata mtu ofisini wa kukusaidia nenosiri.