TAHADHARI: Fundi wa redio wa Katwe, Kampala, yule mwenye mashine ya mstari wa kijani

Jamani, nina hasira hadi mikono inatetemeka, na aibu nayo imo, kwa hiyo nivumilieni. Ile Kenwood ya marehemu aliyeimiliki kabla yangu, redio ya mawasiliano TS-440S mnayoijua, ilikata sauti baada ya Idi. Taa zinawaka, namba za masafa zinaonekana, sindano ya mita inacheza stesheni ikiingia, lakini spika kimya. Hata ule mchakacho wa kawaida haupo.

Nikaibeba kwenye taksi hadi Katwe. Msiniulize kwa nini nilimwamini. Ndiye aliyetengeneza amplifaya ya msikiti wetu hapa Bombo, na adhana mpaka leo inasikika vizuri. Mezani ana oskiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, mstari wa kijani unatembea. Ananiita mzee. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hii ni HF, ya masafa mafupi, wati mia." Nani asingelegea? Akafungua kifuniko, akainama akanusa ndani (wallahi alinusa!), akasema IC ya sauti, kile kidude cheusi cha kukuza sauti, imeungua, itaagizwa Dubai, laki tatu na nusu. Laki mbili nikamtumia kwa simu palepale.

Wiki tatu za "kesho mzee". Halafu akaniita.

Sasa sikieni nilivyofanywa mtoto. Saa saba mchana, redio ipo juu ya meza iliyotandikwa kitambaa hadi chini. Pembeni kuna spika ndogo, waya wake unapita nyuma ya redio. Akasema spika ya ndani "bado inajizoea", tusikilize hii ya nje. Akawasha. Mtu anasoma habari kwa Kiingereza, sauti safi kama maji ya chupa. Bendi ya mita 40, mchana, katikati ya Katwe na mashine zao za kulehemu, na hakuna hata mkwaruzo mmoja! Nikazungusha kitufe cha masafa mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Sauti haikubadilika. Nikajiambia, hii stesheni ina nguvu kweli. Mimi, mwenye leseni ya redio ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na alama ya wito ya 5X, ninayejua kwamba kwenye SSB, njia yetu ya kuongea hewani, ukisogeza masafa hata hatsi 100 tu mtu anaanza kuongea kama bata! Sindano nayo ililala chini muda wote. Niliiona. Nikalipa laki na nusu iliyobaki, na elfu kumi ya chai juu.

Nyumbani, kimya kilekile.

Jirani yetu wa Luwero akaja na hedifoni, akachomeka. Sauti hiyo hapo! Kumbe sauti ya spika inapitia kwanza kwenye jeki ya hedifoni, na kile kibati kinachotakiwa kugusana ukichomoa plagi kilikuwa cheusi kwa kutu. Akapuliza dawa ya kusafishia, akachomeka na kuchomoa mara ishirini, spika ikaongea. Gharama: chai na mandazi. IC ya Dubai hatukuiona, ile ya zamani ipo na risasi yake ya kulehemu ya kiwandani na vumbi lake la miaka. Kisichokuwepo ni filta ya CW, ya kuchuja mawimbi ya Morse, YK-88C ya hatsi 500, ambayo marehemu aliingoja miezi. Nafasi yake tupu, skrubu zimerudishwa vizuri kabisa. Kwa hilo ana ufundi.

Huyu mtu afungwe. Kibanda kifungwe, oskiloskopu ichukuliwe, na asimamishwe mbele ya waumini aliowatengenezea amplifaya aseme alichofanya. Nimekwenda mara mbili, kijana wake anasema bosi yuko Arua. Arua gani ya kila siku?

Kama mna redio kwake, ichukueni leo. Kabla ya kumpelekea fundi yeyote, jaribuni hedifoni kwanza. Kipande kilichobadilishwa kidaini mkononi. Na siku ya kuchukua, chomoeni antena: sauti ikiendelea kusoma habari, inueni kitambaa cha meza.

Na wewe, najua una marafiki wanaosoma hapa: filta ile ina alama ya msumari ubavuni, marehemu aliikwaruza mwenyewe. Usijaribu kumuuzia mtu.