Kituo cha kuokoa wanyama na kufunga kizazi: daktari ni fundi kweli, ila wa mapokezi angeniulia paka

Nimesubiri hasira ishuke ndo niandike, naona haishuki, kwa hiyo naandika hivi hivi. Na nianze kwa kusema kazi ya hiki kituo naiunga mkono kwa moyo wote. Kuokota wanyama waliogongwa barabarani, kuchanja mbwa kichaa cha mbwa, kufunga kizazi paka wa mtaani ambao hakuna anayejali wamekula au hawajala, watu wanaofanya hayo nawaheshimu sana. Lakini kilichonikuta jioni ile nilipoenda kumchukua paka wangu, hapana jamani, hapana kabisa.

Paka mwenyewe namwita Zabibu. Ni jike wa mtaani, alijileta tu akazoea, na tangu namjua ni mimba juu ya mimba. Wengi hawajui kwamba paka anaanza kushika mimba akiwa na miezi 4 hivi, anabeba kama siku 63 hadi 65, halafu anaweza kupata joto tena, yaani kutaka dume, na kubeba nyingine wakati watoto wa kwanza bado wananyonya. Zabibu alikuwa amebaki mifupa, tumbo linaning'inia, watoto wenyewe wengi hawafiki popote. Nikasema basi, imetosha, nampeleka.

Asubuhi sina neno. Dada aliyetupokea aliuliza kala mara ya mwisho lini, maana mnyama akitapika akiwa kwenye nusu kaputi matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu, akampima uzito, akasikiliza moyo, akamwita kwa jina. Kuna kidirisha pale unaweza kuchungulia chumba cha upasuaji, na mimi nilichungulia. Zabibu kalala chali tumbo limenyolewa, macho yako wazi kabisa, nikashtuka nikajua kaamka! Kumbe kwa dawa ile paka analala macho wazi na hapepesi, ndo maana daktari alikuwa anambana kope taratibu anamtia mafuta yasikauke, jicho moja, halafu la pili, hana haraka. Kabla hajazinduka wakamkata ncha ya sikio ili siku akikamatwa tena ajulikane kashafanyiwa, asije akapasuliwa bure. Kidonda cha tumboni ni kidogo, hata urefu wa kidole gumba hakifiki. Nikaondoka na furaha nikiwa tayari nimeshaanza kuwasifia kwa watu.

Sasa jioni. Mapokezi kuna kijana mwingine, yule dada zamu yake imeisha. Nikataja jina, akaingia ndani akatoka na kizimba, akakiweka chini na kukisukuma kwangu kwa mguu. Kwa mguu! Ndani kuna mnyama katolewa kizazi siku hiyo hiyo, kichwa hakishikiki, akijaribu kuinuka anaanguka ubavu, na yuko juu ya waya mtupu, hata kitambaa hana, sakafu ya saruji inapuliza baridi, na mnyama aliyetoka kwenye nusu kaputi mwili unapoteza joto haraka, hicho ndo kitu cha kwanza unachotakiwa kukilinda. Nikajikaza. Nikamwambia, "Kaka samahani, ile kola ya shingoni ya kumzuia asilambe mshono?" Akasema zimeisha. Bila hata kuniangalia. Nikauliza na maumivu je, akiumia usiku nimpe nini.

"Mpe paracetamol ya watoto, ile ya maji, kidogo tu. Atatulia."

Naomba hapa kila mwenye paka asome vizuri. PARACETAMOL INAUA PAKA. Haipunguzi maumivu, inaua. Ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa kama letu, inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa rangi ya kahawia, uso unavimba, anahema kwa shida mpaka anaisha. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha. Mimi najua kwa sababu niliwahi kuona paka wa jirani anakufa hivyo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, walimwonea huruma tu wakampa dawa. Na sasa ushauri huo huo unatolewa na mtu aliyevaa sare ya kituo cha kuokoa wanyama!

Nikamwambia hapana kaka, hiyo ni sumu, naomba uniitie daktari. Akajibu, "Daktari kachoka, chukua paka wako watu wanasubiri." Nikasema sitoki. Ndo akatoa lile neno ambalo mpaka leo likinirudia natetemeka: "Kwani si paka wa mtaani tu huyu?"

Si paka wa mtaani TU. Kituo chenyewe kimeanzishwa kwa ajili ya hao hao wa mtaani, sasa wewe unayekaa mlangoni ukiwaona si kitu umekaa hapo kufanya nini?

Nyuma yangu kulikuwa na mzee na paka wake kwenye kikapu, kasikia yote, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwa hiyo nisimpe?" Nikamwambia baba usimpe, tafadhali. Hapo ndo nilipoumia zaidi, maana nilijiuliza wangapi wameshapita pale mbele ya yule kijana wakaitikia asante wakaenda zao. Paka akifa usiku nani atajua ni dawa? Watasema operesheni ndo imemuua. Na hilo neno litazunguka mtaa mzima, tayari kuna watu wanaamini kufunga kizazi ni kumtesa mnyama, kesho hakuna atakayeleta paka wala mbwa, na wakizidi kuzaana tunarudi kule kule kwa wanaotega sumu majalalani. Daktari anafanya kazi tangu asubuhi kujenga imani ya watu, mtu mmoja mlangoni anaibomoa kwa sentensi moja.

Nikaondoka nikiwa nimeapa nyota moja na nisingeongeza.

Usiku simu ikaita, daktari mwenyewe. Sijui nani alimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akaniambia Zabibu ameshachomwa sindano ya maumivu inayodumu, nisimpe kitu kingine chochote, nimweke sehemu yenye joto na giza kidogo, nimshonee kifulana kwa kitambaa cha pamba kizibe tumbo badala ya kola, nizuie kuruka kwa siku 10 hadi 14, na nikiona mshono umevimba sana, unatoa maji au harufu, au kesho yake hataki kula kabisa, nimrudishe saa hiyo hiyo. Aliongea kama hana mgonjwa mwingine duniani. Kwa kweli hasira yote iliyeyuka, nikampandisha nyota nne, nikasema kosa la mtu mmoja lisiwaharibie wote.

Sasa juzi kati nimerudi mshono uangaliwe. Umepona vizuri sana, Zabibu kaanza kunenepa, manyoya yanaota. Na yule kijana yuko pale pale, kiti kile kile. Hakuna karatasi ya maelekezo ukutani, hakuna ya kupewa mkononi, kola bado "zimeisha". Yaani daktari alijua, na hakuna kilichobadilika? Karatasi moja tu yenye mistari mitano, na juu kabisa neno paracetamol limepigwa mstari mwekundu, kweli inashindikana?

Kwa hiyo nimeshusha tena, ni mbili, na hizo zote ni za daktari na yule dada wa asubuhi. Bado kuna dume ninayetaka kumpeleka, na siwezi kumchelewesha maana hata akishahasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa kwa mbegu zilizobaki. Nitampeleka hapo hapo. Ila safari hii simwachi mapokezi, namkabidhi daktari mkononi, na jioni nitakaa kwenye lile benchi mpaka atoke yeye mwenyewe kunirudishia.