Vali ya yunioni mbili: kishikio kinageuka spana, na watu bado wanakata mabomba!

Karibuni, karibuni tena jamani. Leo sina utangulizi mrefu, kuna kitu hapa mezani kinaniwasha mikono tangu kifike. Ni vali. Ndiyo, vali ya mabomba ya tangi la samaki wa maji chumvi. Najua kuna wadau wameshaanza kutafuta pa kutokea, walitaka matumbawe na samaki wa rangi rangi. Tulieni. Hayo matumbawe yatakufaa nini kama maji yake yako sakafuni?

Hii ni vali ya gololi, ya plastiki ya PVC, ina yunioni, yaani viungo vya nati vinavyofunguka, pande zote mbili. Inastahimili shinikizo gani, inakuja kwa saizi zipi, yote hayo yameandikwa kwenye boksi, sisomi. Mimi nataka mtazame hiki kishikio. Robo mzunguko, maji yamekatika. Robo tena, yanapita. Hapo hakuna jipya. Sasa nakivuta juu hivi… kimechomoka. Nakigeuza chini juu. Mnayaona haya meno mawili? Ngoja nisogeze kamera. Haya meno ndiyo yaliyonifanya nirekodi hii video.

Nafungua nati za yunioni, huku na huku, vali yote inatoka mkononi na mabomba yamebaki pale pale. Sijakata kitu. Angalia ndani: gololi imekaa katikati ya viti viwili vya tefloni, na huku pembeni kuna pete yenye nyuzi kama za skrubu inayovibana hivyo viti visicheze. Hiyo pete ina mikato miwili. Chukua kishikio, ingiza meno… tak. Spana hiyo! Vali nyingi za yunioni mbili zinakuja hivi, lakini watu wananiandikia kila siku kwamba "vali yangu nikiifunga bado maji yanapenya, ninunue gani nyingine?" Usinunue! Imelegea tu, au imeingiwa na chokaa.

Fanya hivi. Vali ikiwa nje na kavu, kaza pete kidogo sana, halafu rudisha kishikio juu ujaribu kuzungusha gololi. Inatakiwa iende kwa mkono, nzito kiasi lakini bila kukwama. Ikiwa unahitaji kung'ang'ana nayo, umekaza mno, legeza. Na kabla hujageuza pete hebu soma karatasi ya maelekezo upande wa kukazia, usije ukaikandamiza ukidhani unaifungua. Ukiona gololi ina ukoko mweupe, ule wa kalsiamu, loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, sugua kwa mswaki laini, suuza. Usikwangue kwa kisu. Gololi ikishachubuka hata uikaze vipi itapitisha maji.

Naifungua tena mwone. Toa… ingiza meno… geuza. Naipenda sana hii. Haya, inatosha.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Uvujaji wa kwenye yunioni, ule wa nje. Mtu anaona tone pale kwenye nati, anakimbilia rinchi, anabana mpaka plastiki inalia. Mpendwa, kinachozuia maji pale ni hii oringi, mpira huu mweusi uliolala kwenye mfereji wake. Nyuzi za nati kazi yake ni kusogeza nyuso mbili zikutane, basi. Ndiyo maana tepe nyeupe ya nyuzi ukiizungusha hapa unajisumbua bure, na ikizidi unene inazuia nati isifike mwisho wake. Kaza kwa mkono. Bado inavuja? Fungua uone kuna nini.

Tazama hapa kwa karibu. Hii oringi nimeitoa kwenye vali ya zamani. Mnaona hii punje, hapa, pembeni ya kidole changu? Chumvi iliyoganda. Hiyo peke yake inatosha kukuletea tone usiku kucha. Futa mfereji, futa oringi, pitisha ukucha uone kama kuna mkwaruzo, paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'arisha tu. Si vaselini! Vaselini inatokana na mafuta ya petroli, na oringi za mpira wa EPDM zikikutana nayo zinavimba na kulainika. Na kama ndiyo kwanza unagundisha vali kwenye bomba, toa oringi kwanza, gundi isije ikachuruzika kwenye mfereji.

Lingine ni mabomba yasiyonyooka. Fundi amepima kwa macho, bomba la juu limekaa huku, la chini kule, halafu anategemea nati ivute zikutane. Hapo oringi inabanwa upande mmoja, upande wa pili inaning'inia. Hata ununue vali ya bei gani, itavuja. Kabla ya gundi panga kila kitu kikavu, nyuso za yunioni zigusane zenyewe bila kulazimishwa.

Na saizi, jamani, saizi! Bomba la inchi moja kwa nje lina zaidi ya milimita 33. Lile la milimita 32 ni 32 kweli. Ukiyatazama mezani ni ndugu, ukiyagundisha pamoja ni ugomvi. Usijaze pengo kwa gundi. Gundi ya PVC inayeyusha plastiki na kuziunganisha, haikuumbwa kuziba nafasi.

Kabla sijasahau, mambo ya chaneli: ile video ya skima, kile kifaa cha kutoa uchafu wa maji kwa povu, niliyoahidi imechelewa, sauti iliharibika yote, nairekodi upya. Ambaye hajajiunga ajiunge, kengele iko hapo hapo.

Haya, wapinzani. Wengi mtaniuliza, mbona si vali ya geti? Swali zuri. Kwa bomba la kushusha maji kwenda kwenye sampu, lile tangi dogo la chini, pale unaposaka ule mtiririko usio na kelele, mimi nachukua geti. Ile unaizungusha mizunguko mingi, kila mzunguko unabadilisha kidogo. Hii ya gololi ukiigusa kidogo tu maji yameruka kutoka mengi hadi machache. Kwa hiyo nilipoanza nilikuwa natangaza hii kila mahali, lakini nikifikiria vizuri… hapana, si kila mahali. Mahali pake ni kwenye pampu ya kurudisha maji juu kwenye tangi. Pale unataka kufunga, kufungua nati, kutoa pampu ukaioshe, kurudisha. Ukishaona ilivyo rahisi utaosha pampu kweli. Kama si rahisi utaahirisha mpaka impela, ile feni ya ndani ya pampu, ikwame kwa chokaa, na ikwame siku ya joto kali, ndivyo zilivyo pampu.

Vali za kuzuia maji yasirudi? Mimi siziamini. Konokono mmoja mdogo, kipande cha mwani, chokaa kidogo kwenye ule mlango wake, haifungi tena. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili pampu ikizimika hewa iingie na mvuto wa maji kurudi chini ukatike. Tundu nalo lisafishwe, linaziba. Halafu zima pampu makusudi ukiwa umesimama pale pale, uone sampu inabeba maji yote yanayoshuka au inamwaga. Usisubiri umeme ukatike ndio ujue.

Utajuaje kama unavuja na hakuna dimbwi? Tishu. Karatasi kavu, pitisha chini ya kila kiungo, kimoja kimoja, kuanzia juu kwenda chini, maana maji yanatambaa kwenye bomba na kudondokea mbali na yalikotokea. Mstari mweupe wa chumvi ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Lakini kipimo ninachokipenda zaidi ni chumvi ya tangi lenyewe. Maji yanayokwenda kwa mvuke yanaacha chumvi nyuma. Yanayovuja yanaondoka nayo. Sasa kama unajaziliza maji yasiyo na chumvi kila siku na kipimo kinashuka kutoka 1.026 kwenda 1.024, na hujabadilisha maji, kuna mahali chumvi inatoka. Ama skima inatapika kupita kiasi, ama una uvujaji. Ingia chini ya kabati na tochi.

Ukiingia, chomoa umeme kwanza. Na waya zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke pale chini, lisiingie kwenye soketi.

Na zile klempu za chuma za kubania mipira ya maji, toeni. Chumvi inazila, kutu inaanza kutiririka. Weka za plastiki. Viungo vya shaba ndiyo kabisa, visikaribie tangi la matumbawe. Shaba inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiwango kidogo sana.

Bei? Inauma. Kwa hii moja unapata kadhaa za zile za kawaida zisizofunguka. Ndiyo maana nasema usiweke tangi zima. Weka moja juu ya pampu, na kama pampu yako iko nje ya sampu, weka mbili, kila upande moja, la sivyo ukiitoa sampu yote inakufuata. Mahali pengine yunioni tupu bila vali inatosha. Ukishaiweka, kila mwezi izungushe kidogo huku na huku. Ikikaa wazi muda mrefu bila kuguswa inaganda, na siku ya dharura utavunja kishikio.

Kuna jambo moja tu limenikera kwenye boksi. Oringi za akiba hakuna. Hakuna hata moja! Nimeulizia, eti nunua vali nzima. Sasa mmetengeneza kitu kinachofunguka chote, kinachorekebishika, mmetupa mpaka spana kwenye kishikio, halafu mpira wa duara ndio mnatubania? Mtengenezaji, ukiiona hii video, tia oringi mbili kwenye pakiti. Na nyinyi mlio na vali hizi, andikeni hapo chini kipenyo cha oringi zenu na unene wake, nitabandika orodha juu ya maoni, watu wazipate kwa wauza oringi.