Concerto ya Deep Purple: toleo la kununua, na la kuliacha dukani

Malalamiko yamekuwa mengi mno, na karibu yote yanafanana. Mtu amesikia kwamba Deep Purple, wale wale wa gitaa zito na sauti ya kupasua paa, waliwahi kupanda jukwaani na okestra kamili wakapiga kazi moja ndefu yenye sehemu tatu. Anatafuta, anakuta tangazo la "Deep Purple na okestra", analipa. Mzigo ukifika, mmoja amepata onyesho la miaka thelathini baadaye lenye mpiga gitaa mwingine. Wa pili amepata mkusanyiko wenye kipande tu. Wa tatu amepata santuri ya zamani, safi kabisa, inayomkatia muziki katikati ya sehemu ya pili. Huyu wa tatu ndiye aliyeniuma zaidi. Muuzaji hakumdanganya kwa lolote, na bado alichouziwa hakikamiliki.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ubora wa karatasi ya jalada wala rangi ya santuri. Hayo yameandikwa vya kutosha na wengine. Nataka tuzungumze kuhusu mkato.

Kwanza ujue unanunua nini. Concerto for Group and Orchestra ilitungwa na Jon Lord, mpiga ogani wa bendi, na ilipigwa tarehe 24 Septemba 1969 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, pamoja na Royal Philharmonic Orchestra. Aliyeiongoza okestra ni Malcolm Arnold, mtunzi wa simfoni na wa muziki wa filamu, aliyekuwa ameshapata tuzo ya Oscar kwa muziki wa The Bridge on the River Kwai. Ian Gillan, mwimbaji, na Roger Glover, mpiga gitaa la besi, walikuwa wamejiunga na bendi miezi michache tu kabla ya usiku ule. Maana yake ni kwamba kikosi kile maarufu cha Blackmore wa gitaa, Gillan, Glover, Lord na Paice kilianza kujulikana kwa wengi kikiwa kimezungukwa na fidla na tarumbeta.

Wala haikuwa ajali. Mwaka 1968 walivuma Marekani kwa Hush, wimbo wa mtu mwingine. Ukija kwenye albamu yao ya tatu, iliyotoka 1969 kwa jina la bendi yenyewe, unaufikia mwisho wake na kukuta April, wimbo wa zaidi ya dakika kumi na mbili. Katikati yake bendi inanyamaza kabisa na kuziachia nafasi ala za nyuzi na za kupuliza zilizoandikiwa nota na Lord. Ukiisikiliza ile dakika baada ya dakika utamsikia mtu anayejaribu mlango kabla ya kuufungua. Kama huna albamu hiyo, inunue pamoja na Concerto, uanze nayo. Bila April, Concerto huonekana kama kituko cha usiku mmoja, na sivyo ilivyokuwa.

Sasa mkato. Kazi nzima inazidi dakika hamsini. Sehemu ya kwanza inakaribia dakika ishirini, ya pili nayo hivyo hivyo, kisha ya tatu. Santuri ina pande mbili. Sehemu tatu haziwezi kugawanyika sawa katika pande mbili bila kuvunja mojawapo, na waliotengeneza santuri ya 1969 walivunja ya pili. Upande wa kwanza unabeba sehemu ya kwanza yote pamoja na mwanzo wa ya pili. Haijafika hata dakika ya saba ya sehemu hiyo, sindano inafika kwenye lebo. Unainuka, unageuza, unasubiri mikwaruzo ya mwanzo wa upande ipite, kisha muziki unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa nini nalikazania jambo hili? Kwa sababu sehemu ya pili ndiyo moyo wa kazi. Katika ya kwanza, bendi na okestra ni wapinzani, kila upande unajitutumua kuuzima mwingine. Katika ya tatu wamekuwa kitu kimoja na wanakimbia pamoja, isipokuwa pale Ian Paice anapoachiwa dramu peke yake. Upatanisho wenyewe unafanyika kwenye ya pili. Kuna melodi mbili. Moja inaanzishwa na ala ya kupuliza iitwayo cor anglais, nyingine na filimbi, halafu zinapitishwa mkono kwa mkono: okestra, bendi, bendi ikiwa peke yake na ladha ya bluzi, kisha wote pamoja. Ndiyo sehemu pekee yenye kuimbwa, na maneno ni ya Gillan. Inaishia kwa ogani ya Lord ikizungumza na ala nne za nyuzi, taratibu, mpaka kimya. Safari kama hiyo inajengwa kwa pumzi moja. Ukiikata kwenye theluthi ya kwanza, msikilizaji anafika kwenye yale mazungumzo ya mwisho bila kumbukumbu ya melodi zilipotoka. Nina hakika wengi wanaosema sehemu ya pili "inachosha" hawajawahi kuisikia nzima.

Na mkato una ndugu yake. Kila upande umebeba karibu dakika ishirini na sita, ambazo ni nyingi kwa santuri. Ili zitoshe, mifuo, ile mistari inamopita sindano, lazima ibanwe na sauti ichongwe chini. Zaidi ya hapo, santuri huzunguka kwa kasi ile ile, mara 33 na theluthi kwa dakika, iwe sindano iko pembeni au karibu na lebo. Pembeni mduara ni mkubwa. Karibu na lebo, katika mzunguko mmoja sindano hupita chini ya nusu ya urefu ule. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo, ndiyo maana miisho ya pande huanza kukwaruza na kuparaza. Sasa fikiri kilichowekwa pale mwishoni mwa upande wa pili: kilele cha sehemu ya tatu, okestra nzima na bendi nzima kwa nguvu zote. Penye haja ya nafasi kubwa kuliko pote ndipo palipopewa nafasi ndogo kuliko pote.

Baada ya hayo, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja, bila kusitasita, ni toleo la kampuni ya rekodi ya EMI la 2002, CD mbili. Sifichi upendeleo wangu. EMI walirudi kwenye kanda za usiku ule wakatoa onyesho lote. Sehemu ya pili iko nzima, na hilo peke yake lingenitosha. Lakini pia unapata Simfoni ya Sita ya Malcolm Arnold iliyopigwa usiku huo huo, na bendi ikiwa peke yake kwenye Hush, Wring That Neck na Child in Time. Hiyo ya mwisho inasikika hapo miezi mingi kabla haijatoka kwenye albamu yao In Rock ya Juni 1970. Hapo ndipo utakapoelewa bendi ilikuwa wapi: mkono mmoja umeshika nota za okestra, mwingine umeshika kile kitakachowafanya wakubwa duniani. Mwishoni wasikilizaji hawataki kuondoka, na kipande cha sehemu ya tatu kinarudiwa. Usikubali CD moja yenye Concerto peke yake kama hii ya diski mbili inapatikana. Simfoni ya Arnold si kijazio. Ukiisikia utajua Lord alikuwa amekaa karibu na mtunzi wa aina gani.

Namba mbili ni rekodi ya studio ya 2012, na najua kuna watakaonikasirikia. Iliongozwa na Paul Mann akiwa na Royal Liverpool Philharmonic Orchestra. Lord mwenyewe anapiga ogani, lakini si Deep Purple. Gitaa limegawanywa kwa watu kadhaa, akiwemo Joe Bonamassa, na kati ya waimbaji yumo Bruce Dickinson wa Iron Maiden. Naiweka juu kwa sababu ndiyo rekodi ambamo okestra haimezwi na vikuza sauti vya bendi. Mwaka 1969 fidla nyingi zinasikika kwa shida bendi inapoingia. Hapa unasikia kila kilichoandikwa. Na Lord, aliyefariki tarehe 16 Julai 2012 kabla haijaingia sokoni, aliiacha kazi yake ikiwa imenyooka. Anayetaka kuijua kazi aanze hapa. Anayetaka kuijua bendi arudi namba moja.

Namba tatu ni ile ya 1999, In Concert with the London Symphony Orchestra, CD mbili, iliyorekodiwa Royal Albert Hall tarehe 25 na 26 Septemba. Historia yake inastahili heshima kubwa. Baada ya kazi hii kupigwa Hollywood Bowl, Marekani, mwaka 1970, nota zilipotea. Mtunzi Mholanzi, Marco de Goeij, akaketi na rekodi na filamu ya onyesho la zamani, akasikiliza na kutazama mpaka akaziandika upya ala kwa ala, kisha yeye, Lord na Mann wakazisafisha. Bila kazi ya masikio yale kusingekuwa na 1999 wala 2012. Concerto inaanza diski ya pili na haikatwi popote. Ninachokosa ni Blackmore. Steve Morse ni mpiga gitaa hodari, lakini sehemu ya kwanza ni ugomvi, na Blackmore alikuwa akigombana kweli; hakuficha kwamba alitaka roki nzito, si okestra. Morse anacheza kwa adabu. Diski ya kwanza nayo imejaa nyimbo za wageni na za kazi binafsi za wanabendi, nzuri kwa tafrija, lakini si ulichokwenda kununua.

Namba nne ni santuri ya zamani yenyewe. Inunue kama unakusanya. Kama unataka kusikiliza, umeshasoma maoni yangu.

Kaseti zina mgawanyo wa pande vilevile, na mikusanyiko yenye "sehemu ya Concerto" haifai hata kwa bei ya bure.

Na wauzaji, jamani. Kinachonichosha ni kwamba taarifa inayohitajika ni maneno manne: mwaka wa onyesho, okestra, kiongozi, idadi ya diski. Zote zimechapishwa nyuma ya jalada. Badala ya kuziandika wanaandika "adimu", "toleo la kwanza", "hali ya upya", kisha bei inapanda kwa maneno hayo hayo. Santuri inayoitwa mpya imepimwa kwa macho chini ya taa, haikupigwa. Mwanga hauonyeshi mfuo wa ndani uliochakaa, na kwa santuri hii mfuo wa ndani ndio wenye kilele. Nimeona nakala iliyong'aa kama kioo ikitoa sauti ya mchanga katika dakika tatu za mwisho, na muuzaji akajibu kwamba "santuri za zamani ndivyo zilivyo". Hapana. Santuri iliyotunzwa haiko hivyo, na aliyeweka bei ya juu alipaswa kuisikiliza kwanza. Mnunuzi akirudisha, anaambiwa yeye ndiye hana mashine nzuri!

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji kiongozi wa okestra ni nani. Akisema Malcolm Arnold, ni 1969. Uliza tena kama ni diski mbili zenye simfoni. Akisema Paul Mann, uliza kama okestra ni ya London au ya Liverpool, kwa kuwa kiongozi ni yule yule katika zote mbili. Na ukiwa umeamua kuchukua santuri hata hivyo, usimwombe picha za jalada. Mwombe aipige upande wa pili kuanzia baada ya dramu za Paice mpaka sindano ijiinue, akurekodie, ndipo mzungumze bei.