Nilibadilisha akchueta ya turbo, Kitonga ikanifundisha adabu

Wenye Subaru Forester za turbo, someni hii kabla hamjampa fundi hela. Imepita miezi mingi, lakini hasira bado ninayo.

Gari langu lilikuwa limepoteza nguvu. Unakanyaga, turbo inachelewa, halafu inakuja nusunusu. Nikalipeleka gereji moja niliyosifiwa sana, huko Ilala. Fundi alisikiliza muungurumo tu, akasema akchueta ya westigeti, yaani kile kikopo chenye springi na kifimbo kinachofungua mlango wa kupunguzia moshi ili presha ya turbo isizidi, imekufa, na kwamba za kiwandani zina springi laini. Niweke ya kisasa yenye springi ya presha ya bar 1, "utapaa." Nikalipa hela ambayo ingeninunulia tairi mbili mpya.

Kilichoniuma ni ufungaji. Kile kifimbo kinachoshika mlango wa kupunguzia moshi kina nati ya kurekebishia urefu. Yeye aliikaza kwa macho tu, mizunguko kama sita, bila geji wala pampu. Kwenye nati ile kila mzunguko ni milimita moja. Ukivuta kifimbo milimita 6, mlango unabanwa usifunguke kwa wakati wake, presha inapanda ovyo. Na kompyuta ya gari hakuigusa kabisa.

Mjini nilifurahi, nisiwadanganye. Gari lilikuwa linanigandisha kwenye kiti. Safari ya Iringa sasa. Mlima Kitonga, nyuma ya lori la mafuta, njia nyeupe mbele, nikatoka kulipita. Likakata. Kama mtu kazima swichi. Likashika, likakata tena. Kompyuta iliona presha imezidi, ikafunga mafuta kuiokoa injini. Mbele lori jingine limetokeza konani linashuka, na mama watoto kashika dashibodi kwa mikono miwili, hasemi kitu. Nilirudi nyuma ya lile lori miguu inatetemeka.

Niliporudi gereji nilimweleza kwa upole kabisa. Akanijibu mbele ya wateja: "Kaka, turbo si ya waoga. Nunua IST." Hata boneti hakufungua.

Fundi mwingine, kijana mtulivu wa Tabata, ndiye aliyeivua. Akachukua ile akchueta yangu ya zamani, bahati nzuri sikuitupa, akaichomeka pampu ya mkono yenye geji. Ilipofika kama nusu bar kifimbo kikaanza kusogea, taratibu, na alipoacha kupampu mshale haukushuka. Nzima! Halafu akanionyesha bomba la mpira linaloingia intakula, kile kipoozeo cha hewa ya turbo: klipu mpya inang'aa, na pembeni yake alama ya klipu ya zamani iliyokuwa imelegea. Hewa ilikuwa inavujia pale. Yule wa kwanza aliliona, akalifunga, akanyamaza. Tukarudisha akchueta ya kiwandani, nguvu zote zikarudi.

Kwa hiyo bakini na ya kiwandani. Ingawa, kusema haki, ile mpya yenyewe haina kosa: kopo la aluminiamu, springi za kubadilisha, imetengenezwa vizuri. Aliyeweka turbo kubwa na anayepangiwa kompyuta upya anaihitaji kweli. Kifaa ningekipa nyota nne. Hapana. Nikikumbuka ile mikono kwenye dashibodi, hata moja sitoi.

Ipo kwenye boksi lake, uvunguni. Wawili wameshaulizia bei. Nikiwauliza nani atawafungia na kama ana geji, wanasema fundi yeyote tu. Siwauzii.